Nanii ya Mwatumu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa imetoka kwa watoto peke yao. Wakubwa mliokaa nyuma, mmekuja kusikiliza au mmekuja kunyoosha miguu? Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Kaeni vizuri.

Hapo zamani za kale, katikati ya nyika, palikuwa na kilima. Juu ya kilima, majabali. Kati ya majabali, pango. Ndani ya pango walikaa pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, mkia hana, meno mawili yamechomoza mbele. Ukimkuta asubuhi juu ya jiwe lake utadhani anawaza jambo zito. Hawazi kitu. Anaota jua.

Pango lao lilikuwa na mlango mpana mbele. Nyuma lilikuwa na ufa mwembamba, wa kupitisha hewa. Nje ya mlango kulikuwa na jiwe bapa, na kila pimbi alikuwa na mahali pake pa kuotea jua. Hukai pa mwenzio. Mwenzio akisafiri, mahali pake panabaki wazi mpaka arudi.

Sasa, pimbi ana miguu mifupi na maadui wengi. Kwa hiyo waliweka zamu. Kila asubuhi mmoja hupanda jabali la juu kabisa akawa macho, wengine wakashuka kula majani. Na mlinzi akiona hatari, alitakiwa aseme mambo matatu. Nani. Wapi. Tufanyeje.

Tai akija, mlinzi anasema: "Tai. Juu. Ingieni."

Fisi akija, anasema: "Fisi. Bondeni. Pandeni."

Na chatu akija, anasema: "Chatu. Pangoni. Tokeni."

Basi. Hakuna salamu, hakuna hadithi. Tai unamkimbia kwa kuingia. Chatu unamkimbia kwa kutoka. Ukichanganya hayo mawili, mwenzio ataliwa, wala hatarudi kukulalamikia.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja aitwaye Mwatumu. Mwatumu alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho akiitwa Tatu. Mama mwema, mcheshi, mkono wake mwepesi wa kutoa. Macho yake yalikuwa makali kuliko ya wote pale kilimani. Ila ulimi wake ulikuwa na tabia moja. Kila kitu aliita nanii.

"Tatu, niletee ile nanii."

"Ipi, mama?"

"Ile nanii iliyo pale karibu na nanii."

Na Tatu analeta jani la mkole, na kweli lilikuwa jani la mkole alilotaka.

Msicheke. Wewe unayecheka kuliko wote, jana jioni ulimwambia mkeo akupe nini? Kile kinanii. Na akakupa. Nilikuwepo.

Si kwamba Mwatumu hakuyajua majina ya vitu. Aliyajua yote. Lakini kulitafuta jina kulikuwa na kazi kidogo, na nanii ilikuwa karibu, mdomoni pale pale. Na kila alipoitoa, alieleweka. Kwa nini ahangaike?

Alieleweka kwa sababu ya dada yake. Dada yake mkubwa aliitwa Kidawa. Jiweni, mahali pa Kidawa palikuwa kushoto kwa Mwatumu, mbavu kwa mbavu. Tangu utotoni Mwatumu alianza maneno na Kidawa akayamaliza.

"Leo naona kuna... nanii," anasema Mwatumu.

"Mawingu," anasema Kidawa.

"Hayo hayo. Itabidi tu..."

"Tushuke mapema."

"Umesema."

Hata zamu walilinda hivyo. Mwatumu juu ya jabali, Kidawa chini akila majani, jicho moja kwa mdogo wake. Mwatumu akiona jambo, huita, "Jamani, nanii, kule, si mnaona." Kidawa anainua uso. Anatazama kichwa cha mdogo wake kimeelekea wapi. Kimeinuka juu, ni tai. Kimeinama bondeni, ni fisi. Kisha anatangaza kwa sauti yake nzito: "Tai. Juu. Ingieni." Na pimbi wote wanaingia, chwa chwa chwa chwa, na hakuna aliyewahi kupotea.

Mzee wao, Mbaruku, aliyekuwa akipanga zamu, alimwita siku moja.

"Mwanangu Mwatumu, mlinzi anasema mambo matatu. Wewe unasema moja, na hilo moja silijui ni nini."

"Lakini, mzee, si tunaelewana?"

"Mnaelewana wewe na dada yako."

"Sasa dada si yupo?"

Mzee Mbaruku akarudi kwenye mahali pake jiweni. Kweli Kidawa alikuwepo. Na isitoshe, pimbi wote walishaipenda ile nanii. Watoto waliiimba. Wakubwa waliichukua. Wakawa nao wanaambiana nanii, wakacheka, wakabahatisha, na mara nyingi wakapatia. Ilikuwa raha kubahatisha na kupatia. Unajiona u karibu sana na mwenzio.

Kuna asubuhi moja, baridi ilikuwa kali, na jua lilipotoka dada hao wawili walikuwa wamebanana jiweni. Kidawa alikuwa amekesha siku tatu akimwuguza Tatu, na mtoto amepona. Mwatumu alimtazama dada yake, moyo ukamjaa.

"Dada," akasema, "mimi kwako... yaani... nanii."

"Najua," Kidawa akamjibu, macho ameyafumba.

Wakaendelea kuota jua. Shikeni hapo, tutarudi.

Ikaja siku. Jua limechomoza, zamu ni ya Mwatumu. Asubuhi hiyo tai alikuwa amepita mara mbili. Mara ya kwanza Mwatumu aliita, "Nanii," Kidawa akasema, "Tai. Juu. Ingieni." Wakaingia, wakatoka. Mara ya pili vile vile. Wakaingia, wakatoka. Kila mtu akili yake ikawa kwenye tai.

Mwatumu juu ya jabali akasikia kitu. Sauti ndogo. Ssss. Kimya. Ssss. Ilitoka nyuma ya pango. Akageuka, akalala kifudifudi ukingoni, akaning'iniza kichwa achungulie upande wa pili. Na akaona. Mwili mnene, mabaka ya kahawia, unateleza taratibu kuingia kwenye ule ufa wa nyuma. Kichwa kilishaingia. Kilichobaki nje ni nusu ya mwili na mkia.

Nywele za mgongo zikamsimama wima. Akafungua mdomo.

"Nanii," akaita. "Jamani, nanii."

Kule chini Mzee Mbaruku akauliza, "Nanii gani?"

"Ile nanii. Kubwa. Imeingia kwenye nanii."

Pimbi wote wakamtazama Kidawa. Kidawa akamtazama mdogo wake. Lakini kichwa cha Mwatumu hakionekani, kimening'inia upande wa pili. Kinachoonekana ni makalio na nywele za mgongo zilizosimama. Kidawa akakumbuka tai wa kwanza. Akakumbuka tai wa pili. Hakusita, maana hajawahi kukosea.

"Anasema tai," akatangaza. "Tai. Juu. Ingieni."

Chwa chwa chwa chwa. Wakaingia.

Mwatumu akainua kichwa, akageuka. Akaiona migongo ya wenzake inamezwa na mlango wa pango. Akaona watoto wake wawili wanaingia. Akamwona Tatu, wa mwisho, miguu mifupi, anahangaika kuwafikia.

"Siyo," akaita. "Siyo nanii. Ni nanii."

Neno alikuwa nalo. Alilijua tangu ananyonya. Lilikuwa limesimama kooni, na mbele yake nanii imejaa njia nzima kama mbuzi mlangoni. Kila alipofungua mdomo ilitoka hiyo hiyo. Nanii. Nanii. Akaanza kulia. Tatu akaingia pangoni, akapotea gizani.

Hapo Mwatumu akafunga mdomo. Akanyamaza, wakati kila kitu ndani yake kinamwambia apige kelele. Alinyamaza muda wa pumzi moja, na pumzi hiyo ilikuwa ndefu kuliko maisha yake yote. Kisha akaita, polepole, jina kwa jina.

"Chatu. Pangoni. Tokeni."

Kimya.

"Chatu. Pangoni. Tokeni."

Chwa! Wakatoka. Chwa chwa chwa, wanapandana, wanakanyagana, wanaanguka jiweni pu, pu, pu. Alitoka Mzee Mbaruku. Walitoka watoto wawili wa Mwatumu. Mlango ukabaki mtupu. Kisha akatoka Tatu, tena hakutoka kwa miguu yake, alitoka kama aliyerushwa, akabingirika mpaka kwenye majani.

Wakahesabiana kwa macho. Hawakuthubutu kuitana majina.

"Nilimkimbilia mama mkubwa kule ndani, akanisukuma kwa kichwa," Tatu akasema. "Aliniambia nenda."

Ilikuwa desturi ya pimbi kwamba anayetangaza kuingia ndiye anayetangulia mpaka mwisho kabisa, ili wengine wapate nafasi. Kidawa alitangaza, akatangulia mpaka mwisho. Na mwisho kabisa ndipo ule ufa ulipo.

Kidawa hakutoka.

Siku mbili walikaa kwenye mawe ya mbali. Chatu akashiba, akaenda zake. Siku ya tatu wakarudi kwenye jiwe lao bapa, jua linachomoza, wakakaa kila mmoja mahali pake. Mahali pa Kidawa palibaki wazi. Wakafanya matanga kama walivyofanya siku zote: kila mmoja aseme neno moja la kweli kuhusu aliyeondoka.

Mzee Mbaruku akasema, "Kidawa alikuwa na sauti ya kutuliza." Mwingine akasema, "Alinigawia majani wakati wa ukame." Wakaendelea hivyo mpaka zamu ikafika kwa Mwatumu.

"Dada yangu," akasema, "dada yangu alikuwa... nanii."

Na kwa mazoea ya maisha yote, akageuka kushoto, amsubiri amalizie.

Kushoto palikuwa na jiwe tupu.

Mzee Mbaruku alifungua mdomo kumsaidia, akaufunga. Walikwisha kujifunza nao. Wakamsubiri. Jua likapanda kidogo. Mwatumu akatafuta, akatafuta, na safari hii hakuacha kutafuta.

"Dada yangu alikuwa akinimalizia maneno," akasema. "Nikadhani nasema vizuri. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akisema. Siku ile nilimpa neno tupu, akalijaza kwa alichokuwa nacho, nacho hakikuwa kweli."

Akapumua.

"Na asubuhi moja, hapa hapa, nilitaka kumwambia kwamba nampenda, na kwamba bila yeye nisingekuwa na mtoto huyu. Nilimwambia nanii. Akanijibu anajua. Sasa sitajua kamwe alijua nini."

Hapo ndipo walipolia, wote.

Tangu siku ile pimbi wakaongeza jambo katika sheria ya zamu. Mlinzi aseme mambo matatu, sawa. Lakini na aliye chini, asiposikia yote matatu, marufuku kubahatisha. Aulize mpaka ajibiwe. Na Mwatumu hakuondolewa zamu. Aliomba aongezewe. Mpaka leo ukipita karibu na majabali alfajiri utasikia pimbi anaita, anaita, anaita. Wengine husema ni kelele tu. Mimi nasema anataja vitu kwa majina yake, kimoja kimoja, asije akavisahau.

Funzo lake ni hili, na nalisema wazi. Jambo zito lipe jina lake. Hatari iite hatari, na mapenzi yaite mapenzi, wakati yule wa kuambiwa bado yupo. Na wewe unayesikiliza, mwenzio akikwambia nanii, usijifanye umeelewa. Muulize.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe bapa, penye mahali pamoja palipo wazi. Sasa nendeni mkalale, na kila mmoja, kabla hajafumba macho, amgeukie wa kushoto kwake amwambie lile neno. Lile... Mnaona? Nilitaka kusema nanii. Mwambieni mnampenda.