Mkeka wa Tatu wa Mama Kiini

Mmeniuliza kwa nini elektroni hukaa kwa duru kuzunguka kiini cha atomu, wala hakuna hata mmoja anayefika kifuani pa mama yake. Nitawajibu, ingawa jibu lenyewe halina faraja.

Kabla mambo hayajatulia, atomu ilikuwa nyumba isiyo na mpango. Katikati yake alikaa Kiini, mama mzito asiyeweza kusogea, na elektroni walikuwa watoto wake. Wote walimpenda mama yao, na wote walichukiana. Mmoja akikaribia, mwenziwe humsukuma. Katika nyumba ya Sodiamu walikuwa kumi na mmoja. Kila siku waligombea paja lile lile, hata kuta zikatikisika, na mama akahofu kwamba siku moja watamwangukia kwa pamoja, nyumba iishe.

Akaazimia kusuka mikeka ya kumzunguka, ili kila mmoja ajue pake. Siwema, kitindamimba wake, mwepesi wa miguu, ndiye aliyetumwa mbali kukata ukindu. Safari ya kwanza alileta wa mkeka mdogo, ya pili wa mkeka mkubwa zaidi, kisha akatumwa ya tatu. Alipokuwa huko, mama, amechoshwa na kelele, aliwaketisha waliokuwapo: Mosi na Pili mkeka wa ndani, wanane mkeka wa pili. Mara akaitia mikeka taraza, ule mshono wa ukingoni unaofunga ususi. Na desturi ya nyumba ile ilikuwa moja: mkeka ukishatiwa taraza na kukaliwa haufumuliwi asilani.

Siwema akarudi na mzigo kichwani.

“Mama, nami nikae wapi?”

Mama alihesabu migongo, akaihesabu tena. “Mwanangu, nimefunga taraza kabla sijakuhesabu.”

“Basi fumua kidogo tu.”

“Nikifumua tutakwisha sote.”

Pili akacheka. “Ewe bibi ukindu, si umejiletea mwenyewe? Suka, ukalie.”

“Nipishe hata ukingoni, dada.”

“Hapa hapana cha ukingoni. Ama umo, ama humo.”

Siwema akasuka mkeka wa tatu, akaukalia peke yake. Sauti ya mama ilimfikia ikiwa imepita migongo kumi, imechujika, haitambulikani kama ni wito au ni kilio. Alijibu kila mara, lakini hakujua kama jibu lake lilifika.

Jirani yao alikuwa Klorini, baba wa nyumba kubwa. Mkeka wake wa nje ulikuwa wa wanane, nao waliketi saba. Siku moja alisimama mlangoni pa Sodiamu.

“Kwangu pana pengo moja,” alisema, “na watoto hawalali kwa ajili yake. Kwako yupo anayelala peke yake. Nipe huyo, mama.”

“Simtoi. Ni wangu.”

“Ni wako,” Siwema alisema, “ila mkono wako haunifikii. Niguse mara moja tu, mama, nami siendi popote.”

Mama akanyoosha mkono. Ulipita mkeka wa ndani, ukafika wa pili, ukaishia mabegani mwa wale wanane. Hakuna aliyeinama. Siwema alingoja mpaka mama alipoushusha mkono, kisha akavuka.

Huko alijaza pengo, na watu wakalala. Lakini huko nako mkeka wake ulikuwa wa tatu, migongo kumi mbele yake, na aliyekuwa nyuma ya migongo hiyo hakuwa mama yake.

Nyumba ya Sodiamu, ilipopungukiwa na mmoja, ikaelemea upande alikokwenda. Mama asiyeweza kusogea aliburutwa, yeye na nyumba yake, hadi ukutani kwa Klorini. Hapo watoto wa huku na watoto wa kule wakasukumana kwa migongo, naye asiweze kusonga mbele hata unywele mmoja, wala kurudi.

Na tangu siku hiyo elektroni hukaa kwa mikeka: wawili ndani, wanane wakifuata, na anayebaki peke yake nje ndiye wa kwanza kuondoka. Nyumba zile mbili zingali zimesimama ukuta kwa ukuta, nasi tunaziita chumvi. Mkiishika vidoleni, jueni kwamba katika kila chembe yumo mama anayemtazama mwanawe mgongoni, na mwana hageuki.