Kiboko Apunguziwa Kazi

Nisimulie?
Simulia.
Utamu haina.
Tupe hivyo hivyo.

Hapo kale Viboko walitoka mto wa mbali, wakaitwaa nchi yetu. Mmoja wao akapewa Idara ya Kazi za Umma. Wanyama wote wakakamatwa wakajenge barabara. Mawe yakapasuliwa, ko, ko, ko. Kiboko akaketi kivulini, akala mavuno yao, akanung'unika, "Kazi zinaniua."

Siku moja Punda alianguka na mzigo wa kokoto, puu, akafa. Kiboko akasema, "Mwondoeni. Anaziba njia."

Fuko, mchimba mitaro, ndiye aliyemzika. Alichimba akitetemeka kwa hasira. Alipomaliza akajipangusa udongo, akamwendea Kiboko.

"Shikamoo Bwana Mkubwa. Naona umechoka."

"Nimechoka, Fuko. Kutwa nagonga muhuri."

"Mkubwa hagongi muhuri. Tuigawe idara. Muhuri tumpe Kobe."

"Mpe."

Kesho yake akarudi. "Bwana Mkubwa, bado umechoka."

"Nimechoka. Funguo za ghala zinanilemea."

"Mkubwa habebi funguo. Tumpe Nungunungu."

"Mpe."

Siku ya tatu akarudi. "Bwana Mkubwa, bado umechoka."

"Nimechoka. Askari wananisumbua, kila saa wanataka amri."

"Mkubwa hasumbuliwi. Wafuate karatasi yenye muhuri, basi."

"Vema," akasema Kiboko, akalala fofofo.

Kobe akagonga muhuri, gwa: askari wote waende kulinda mpaka. Wakaenda. Gwa: Nungunungu afungue ghala. Akafungua, kila mnyama akachukua nafaka yake. Gwa: wapasua mawe warudi makwao. Wakarudi.

Kiboko alipoamka aliita, hakuna aliyeitika. Akatoka, akamkuta Fuko peke yake barabarani.

"Wafanyakazi wako wapi?"

"Wamepunguzwa, Bwana Mkubwa."

"Wakubwa zangu wanakuja leo kukagua barabara. Nani ataimaliza?"

"Kazi zako nyingine zote nimezigawa," akasema Fuko. "Hii moja imekosa mwenyewe." Akaiweka nyundo miguuni pake, akaingia ardhini.

Wakubwa wakafika. Wakakuta mawe hayajapasuliwa, na Kiboko amesimama na nyundo. Wakaketi kivulini wakamsubiri amalize.

Ko. Ko. Ko.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa mbaya niachieni, ikiwa nzuri gawaneni.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa wenu akisema amechoka, mwoneeni huruma, msaidieni upesi. Wala msiweke kinyongo. Fuko hakuwa nacho hata chembe.