Mwenye Kiti na Wenye Kiu

Paukwa!

Pakawa!

Kulikuwa na kiti!

Kikakaliwa!

Na aliyekikalia?

Hakuinuka!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole, maana uongo wangu leo ni mwembamba, hautaki makelele.

Hapo kale, Kifaru alipokuwa bado na pembe moja tu puani, palikuwa na bwawa likiitwa Nyamatope. Msiniulize pembe ya pili aliipata wapi, tutafika. Wanyama wa bwawa hilo walikuwa na vyama viwili. Kulikuwa na Chama cha Manyoya, cha ndege wote, na mkubwa wao alikuwa Kanga. Kulikuwa na Chama cha Kwato, cha wote wanaokanyaga kwa kwato, na mwenyekiti wao alikuwa Kifaru. Alikuwa mnene, alikuwa mkali, na macho yake hayakuona mbali kuliko pua yake. Lakini pua yenyewe ilikuwa ndefu, kwa hiyo yeye aliona inatosha.

Na kiti alikuwa nacho. Kiti cha mvule, miguu mitatu, kipana kama ungo. Usiniulize kifaru hukaaje kitini. Kiti ni chake, hadithi ni yangu.

Katibu wa chama alikuwa Bi Digidigi. Huyu alikuwa mdogo, nyasi zikikua kidogo tu haonekani. Lakini katiba ya chama aliijua yote kwa moyo, toka kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, kwa sababu mwenye miguu myembamba hawezi kutegemea mateke.

Uchaguzi ukafika. Kifaru akapanda juu ya kichuguu kuomba kura.

"Chama hiki ni cha wenye pembe!" akanguruma. "Asiye na pembe anatusindikiza tu!"

Ngiri akainua mdomo. "Na mimi, Mwenyekiti, mwenye hizi?"

"Hayo ni meno yaliyopotea njia."

Punda Milia akauliza, "Na mimi je?"

"Wewe kwanza kaamue, mweupe au mweusi."

Nyumbu, mwenye pembe zake mbili nzuri, akacheka, heh-heh-heh. Kifaru akamgeukia. "Usicheke! Pembe halisi huota puani. Za kichwani ni mapambo!"

Nyumbu akafunga mdomo. Bi Digidigi, ambaye kwao pembe huwaota waume tu, hakuuliza kitu. Aliandika muhtasari.

Siku ya kura ikaja. Kura zenyewe zilikuwa za kupanga mstari: unayemtaka, unasimama nyuma yake. Nyuma ya Kanga wakajipanga ndege, na ndege, na ndege, mpaka mstari ukazunguka bwawa ukakutana na mkia wake. Nyuma ya Kifaru akasimama Bi Digidigi, kwa sababu katibu hana budi, na Nyumbu mmoja aliyekosea mstari. Wenye kwato waliobaki walikuwa vichakani, wakijifanya wanakula majani.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Mamba. Akahesabu, akapiga mkia majini, chubwi! "Kanga ameshinda!"

Kwa-kwa-kwa-kwa-kwa! Kanga wakashangilia.

Kifaru akageuka nyuma, akatazama kwa macho yake yale. "Mstari wangu mwingine uko wapi?" akauliza. "Basi umeliwa na mchwa! Sijashindwa mimi! Nimeliwa!"

Sasa sikilizeni sheria ya Nyamatope, maana shida yote iko hapo. Chama kilichoshinda hunywa maji asubuhi. Chama kilichoshindwa hunywa jioni. Bwawa ni kubwa, maji yanatosha wote. Lakini kabla ya hapo, mwenyekiti wa walioshindwa lazima aje kwenye jiwe la ukingoni, atamke neno moja mbele ya Mamba: "Nimekubali." Neno hilo lisipotamkwa, chama chake hakina zamu. Na Mamba alikuwa ametangaza mapema, akijilamba: "Anayekunywa bila zamu, ajue nami nina zamu yangu."

Kifaru hakwenda kwenye jiwe. Alikwenda uwanja wa chama, akakaa kitini. Puu!

Kando ya kiti kile palikuwa na kisima kidogo, walichokichimba wanachama wote kwa kwato zao, mwaka wa njaa, kiwe akiba. Kifaru akakiziba kwa mwili wake, asipite mtu, akainamisha kichwa, akanywa. Gugu-gugu-gugu! Akajifuta. "Vumilieni, wanachama," akasema. "Tunaendelea kupambana."

Siku ya kwanza ikapita. Wenye kwato wakamtuma Ngiri.

"Mwenyekiti," Ngiri akasema, "shikamoo. Tuna kiu. Nenda kaseme lile neno."

"Mimi ni nani?" Kifaru akauliza.

"Mwenyekiti."

"Na mwenyekiti ni nani?"

"Ni mwenye kiti."

"Basi nimekaa." Puu! Gugu-gugu-gugu!

Ngiri akarudi mkia juu, aibu chini.

Siku ya pili wakamtuma Punda Milia.

"Mwenyekiti, shikamoo. Ndimi zimekuwa kama magome. Chama kinakufa. Nenda kaseme lile neno."

"Mimi ni nani?"

"Mwenyekiti."

"Na mwenyekiti ni nani?"

"Ni mwenye kiti."

"Basi nimekaa." Puu! Gugu-gugu-gugu!

Punda Milia akarudi amekasirika, akampiga Nyumbu teke. Nyumbu akamshambulia Ngiri. Wakaanza kuulizana nani hakusimama kwenye mstari, nani alisimama kwa bahati mbaya, na nani alimchagua huyu mzee tangu mwanzo. Kila mmoja alimnyooshea mwenzake kwato. Wengine wakasema chama kivunjwe, kila mtu ashike njia yake. Wengine wakasema tuote manyoya.

Siku ya tatu Bi Digidigi alikuwa chini ya kijiti na mtoto wake mchanga. Mtoto alinyonya, hakupata kitu, akalia, nyee, nyee, nyee. Maziwa yalikuwa yamekauka. Bi Digidigi akaogopa kweli, nawaambia. Halafu akakasirika. Aliwaza: nimtukane? Hasikii. Nimsukume? Nitasukuma mlima. Akarudia moyoni maneno ya yule mzee. Mimi ni nani? Mwenyekiti. Na mwenyekiti ni nani? Akasimama ghafla.

"Wacha we!" akasema peke yake. "Kumbe dawa anaitaja mwenyewe kila siku!"

Akaita mkutano mkuu wa dharura. Wakaja wote, ndimi nje, tifu-tifu-tifu vumbini. Bi Digidigi akapanda juu ya kisiki ili aonekane.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, akainama mpaka pua ikagusa kisiki. "Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Kimefunguliwa. Ya pili, yatokanayo. Katika yatokanayo, wanachama wamegundua kosa kubwa sana katika katiba."

"Kosa gani?" Kifaru akauliza, masikio yamesimama.

"Tunamwita Mzee mwenyekiti. Maana yake, mwenye kiti. Lakini kiti hiki, Mzee, katiba inasema ni cha chama."

Kifaru akashtuka. "Cha chama?"

"Kifungu cha tisa. Wewe umekalia tu, kama mgeni."

"Kama mgeni! Mimi!"

"Ni dhuluma, Mzee. Mimi nimeumia sana. Kwa hiyo naleta hoja: kiti hiki kiwe mali ya Kifaru, yeye, watoto wake na wajukuu wake, milele na milele. Wanaounga mkono?"

Ngiri akamsogelea, akanong'ona, "Dada, jua limekupiga kichwani?"

"Wenye kiu wapige kwato," Bi Digidigi akanong'ona naye.

Kwato zikapiga. Ko! Ko! Ko! Ko! Ko! Ardhi ikatetemeka. Kifaru hakuwa amepigiwa kwato namna ile tangu azaliwe. Machozi yakamtoka, yakapotelea kwenye mikunjo.

"Sasa mmepata akili," akasema.

"Lakini nina wasiwasi," Bi Digidigi akasema. "Mali ya mtu hulala wapi?"

"Kwake."

"Na hapa ni kwa nani?"

"Uwanja wa chama."

"Umeona? Kesho Kanga atapita, atasema, aa, kiti kipo uwanjani, basi ni cha wote. Atakikalia. Na matako yenyewe ya Kanga, Mzee, unayajua."

Kifaru akainuka. Enyi watu, Kifaru akainuka! Siku tatu ngozi ilikuwa imegandana na mvule, ikatoa sauti, prrraa! "Kiti changu nakipeleka kwangu!" akasema. Akataka kukibeba kwa mdomo, kikamshinda. Akakitia pembe kwa chini, katikati ya miguu mitatu, kru! Pembe ikatokeza upande wa pili, na kiti kikanasa puani. Sasa hata kile kidogo alichokuwa akikiona hakukiona tena. Akaondoka zake, ndi! ndi! ndi!, akigonga mti huu, akiomba radhi kichuguu kile, mpaka akapotea nyuma ya kilima.

"Ajenda ya tatu," Bi Digidigi akasema, "mengineyo. Kisima amekikausha. Twendeni bwawani."

Wakaenda, na Bi Digidigi akamlaza mtoto wake chini ya kijiti karibu na bwawa. Kufika kwenye jiwe, Mamba akatoa kichwa majini, tena taratibu, kama mtu anayefunua chungu.

"Mwenyekiti wenu yuko wapi?"

"Ameondoka na kiti," Bi Digidigi akasema.

"Basi neno atalisema nani? Sheria inasema mwenyekiti. Sioni mwenyekiti. Naona kitoweo."

Mdomo wa Mamba ulikuwa hatua moja tu kutoka kwenye miguu ya Bi Digidigi. Angeweza kukimbia. Alikumbuka ile nyee, nyee, akabaki.

"Bwana Msimamizi," akasema, "mwenyekiti ni nani?"

"Ni mwenye kiti."

Bi Digidigi akapanda juu ya jiwe. Akakaa. Ti!

Mamba akamtazama. Akalitazama jiwe. Alitafuta kosa, hakuliona, maana msimamizi mzuri husoma sheria kama ilivyoandikwa. "Haya," akasema kwa huzuni. "Sema."

"Nimekubali!"

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na zamu ya jioni ndiyo hiyo. Lakini ukingo wa maji ulikuwa nyuma ya jiwe, na njia ilikuwa nyembamba, na jiwe lenyewe lilikuwa limeota jua mchana kutwa. Lilikuwa la moto moto, la kupendeza. Na kutoka pale juu Bi Digidigi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliona vichwa vya wote.

"Bi Katibu," Ngiri akasema, "tupishe tunywe."

Bi Digidigi hakuinuka.

"Dada?"

"Nakuja," akasema. "Nakaa kidogo tu."

Wanachama wakatazamana. Kisha kutoka nyuma kabisa, chini ya kijiti, ikasikika, nyee, nyee, nyee.

Akaruka kutoka kwenye lile jiwe kana kwamba limemuuma! Wakanywa. Gugu-gugu-gugu, wote, wenye pembe na wasio na pembe, mpaka matumbo yakalia. Bi Digidigi akanyonyesha. Na usiku haujaingia, wakaongeza kifungu kimoja katika katiba, aliyekipendekeza ni yeye mwenyewe, tena uso wake ameuinamisha: kuanzia leo, vikao vya Kwato ni vya kusimama. Ndiyo maana hadi leo Punda Milia husinzia amesimama. Bado yuko mkutanoni.

Na Kifaru? Kiti kilivunjika njiani, mguu mmoja ukabaki umemganda puani, nyuma ya pembe yake. Nendeni mkamtazame, pembe zake sasa ni mbili. Anakaa peke yake kichakani, na kila asubuhi anahutubia. Msikilizaji wake ni ndege mmoja tu anayekula kupe mgongoni, na ndege huyo, mtanisamehe, ni mwanachama wa Manyoya.

Hadithi yangu nimeiegemeza mlangoni. Mwenye miguu aondoke nayo, mwenye usingizi ailalie.

Na inatufundisha nini? Inatufundisha, wanangu, kuwaheshimu wakubwa zetu, kutowadanganya kamwe, na kutosoma katiba za watu. Tena inatufundisha kwamba kiti si kitu, ni mbao tu, mwenye busara hainuki wala hakai kwa ajili ya...

Hee! Nani huyo? Nimesimama mara moja tu kuwaonyesha Kifaru anavyotembea, nani amekalia kigoda changu? Inuka! Nimesema inuka, hicho ni changu!