Hatua Kumi za Lusweti

Mtu mmoja alikuwa na digrii ya kompyuta na mke; kazi hakuwa nayo. Jina lake Lusweti. Kila ofisi ilimwambia we'll get back to you, na hiyo back mpaka leo haijaonekana Eldoret alikopanga chumba.

Ndugu zake walikuwa wametawanyika: kaka yuko Doha, dada yuko Mombasa. Mama alibaki Chwele peke yake. Basi, kwa kuwa waajiri hawakumpa cha kujenga, Lusweti akajenga boma la kwao ndani ya kompyuta: lango, ua, nyumba ya kila mwana. Ukiwasha simu ulitembea humo, ukaonana na wenzako na kusemezana nao. Mtaani alijigamba kwamba ni mradi wa mamilioni. Uongo. Alitamani tu kusikia sauti ya mama katikati ya sauti za wanawe.

Siku ya kwanza waliingia watu arobaini, jamaa na majirani, wote wakabwata kama kuku walioona mwewe. Lusweti akaweka sheria: kila mtu atamsikia tu aliye ndani ya hatua kumi kutoka alipo. Utulivu ukaja. Wakampongeza, genius, bana.

Jumapili tatu zilizofuata, ndugu waliketi nyumbani kwa Lusweti humo, kiti cha mama kikiwa kitupu. Dada alilaumu mtandao wa Chwele. Lusweti moyoni aliamini mama anamwonea haya, msomi mzima anacheza gemu. Mwishowe akampigia simu.

Mama akasema, "Papa," ndivyo anavyomwita mwanawe, "nimekuja Jumapili zote tatu. Nimesimama langoni pako nikapiga hodi, nawaona dirishani mnacheka. Hamkuitikia, nikarudi."

Lusweti akapima. Kutoka langoni mpaka sebuleni, hatua kumi na nne. Na kwao mama havuki lango la mwana aliyeoa asipokaribishwa, angesogea vipi?

Aliibadilisha sheria siku hiyo hiyo, hodi ya langoni isikike mpaka ndani, akaomba radhi. Mama alisema ataona kama atarudi. Tangu hapo, kila Jumapili, wenzake wakiwa ndani wanapiga soga, Lusweti husimama langoni peke yake, anatazama njia.

Nanyi mnaojenga ukumbi wa watu elfu, mmewapimia masikio waliokwisha kuketi. Aliyesimama nje kwa heshima, nani atamwambia karibu?