Siku Moja ya Wakwezi Watatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni masika yaliyopita tu, usiku wa manane tulisikia puu! nyuma ya nyumba, kishindo cha kutikisa ukuta, nikamfunika mwanangu Mishi kwa mwili wangu. Kumbe ni kilele cha mnazi, kimetafunwa na chonga, yule mdudu mweusi wa minazi, kikakatika kikalivunja jiko. Kulipokucha tukauona mnazi pacha wake, mkavu vilevile, umeinamia chumba tunacholala.

Shamba si letu. Ni la Bi Mwanatumu, tumejenga kwa hisani yake, akisema tuhame tunahama. Ndiyo maana nasema kwa sauti ya chini, ingawa nina hasira za kupasua koo.

Bi Mwanatumu akaita wakwezi. Mnazi kama ule haupigwi shoka chini, utailalia nyumba. Mtu hupanda juu, akaukata vipande vipande. Siku zote mkwezi hulipwa kwa mnazi: umepanda, umelipwa, hukupanda, huna chako. Lakini hii ilikuwa kazi ya kutwa, kwa hiyo Bi akatamka ujira wa siku, na watatu wakaitikia. Hakuna aliyeuliza kama ni siku ya kila mtu au siku ya wote. Walizoea kuhesabu minazi, hawakuzoea kujihesabu wenyewe.

Wa kwanza, Mzee Chirima, akaugonga mnazi kwa mgongo wa panga, akaweka sikio, akagonga tena, akasema katikati ni mtupu, asipande mtu kabla haujafungwa kwenye mnazi mzima ulio jirani. Wa pili, Mwero, akapanda huo mzima, akaufunga ule mbovu kwa kamba, akabaki juu kaishikilia, jua lote lake. Wa tatu, Ndaro, mume wangu, akapanda ule mbovu wenyewe. Akakata kilele, akakata kipande, akakata kingine, alasiri mnazi ukalia, ukavunjika chini ya miguu yake. Kamba ya Mwero ikauvuta pembeni, ukalala uwanjani, nyumba haikuguswa hata kuti. Ndaro akaanguka nao. Paja likavunjika.

Bi akaja, akautazama mnazi kabla ya kumtazama mtu, akaweka ujira wa mkwezi mmoja juu ya kinu. "Nimenunua siku moja," akasema. "Sikununua siku tatu."

Mzee Chirima akasema, "Siku hii ni yangu. Bila sikio langu sasa hivi mngekuwa mnachimba kaburi."

Mwero akamuuliza tangu lini mnazi ukapandwa kwa sikio. Kisha akanigeukia. "Siku hii ni yangu. Shemeji, tazama." Akafungua viganja, ngozi imebaki kwenye kamba. "Nimemshika mumeo kwa hivi."

Ndaro, tumemlaza juu ya mlango tulioung'oa, akasema, "Siku hii ni yangu. Ninyi kesho mtapanda kwingine. Mimi sijui kama nitapanda tena."

Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Bi kwamba hizi ni siku tatu, kila mtoto anaziona. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama nina shamba lingine la kujenga. Mishi akanivuta kanga. Hapo Bi akatabasamu. "Nyumba iliyopona ni yako, Mama Mishi. Basi taja wewe, jina moja, kabla jua halijachwa, la sivyo naondoka na changu."

Mume wangu analia na mfupa, gari la hospitali haliji bure. Na wa kumbeba mpaka barabarani ni hao hao wawili, hakuna wengine, nao wamesimama wananitazama mdomo.

Msinijibu kwamba angelipa wote. Hilo nalijua, na yeye analijua, ndiyo maana akanitupia mimi, ili wanichukie mimi. Jua lilikuwa linazama, nikataja jina. Lipi, sisemi kwanza, nataka lenu.

Je, nani alistahili siku ile: aliyeusikia mnazi, aliyeushika, au aliyeanguka nao? Sogea uninong'oneze. Sitamwambia mtu mwingine.