Mjumbe Aliyemfuata Mtakatifu Yosefu

Habari hii aliisimulia kwanza Mwalimu Oswini Nombo, katibu wa bodi ya shule, Jumatatu ya Pasaka mwaka 1999, mbele ya wakwe zake. Imeandikwa hapa kama alivyoisema, pamoja na idadi ya bata.

Palikuwa na mwenyekiti wa bodi, Engelbert Kapinga, mnunuzi wa kahawa katika parokia ya Lukanzi, huko milimani kwenye baridi. Alikuwa na bata mzinga arobaini na mmoja. Mwezi wa Juni bata wakaanza kukohoa. Mwenyekiti akaamuru walazwe darasa la tatu la Shule ya Mtakatifu Yosefu, kwa kuwa lilikuwa na dari. Darasa la tatu lenyewe likahamishiwa nje, chini ya upenu. Bata wakaacha kukohoa. Watoto wakaanza.

Mmoja wa watoto hao alikuwa Tasilo, mwana wa Kunigunda Mbunda, muuza dagaa sokoni. Kunigunda alikuwa na mdomo ambao hata waliomdai waliuogopa. Usiku alimsikiliza mwanawe akikohoa, asubuhi akaenda kugombea ujumbe wa bodi, nafasi ya wazazi.

Uchaguzi ulifanyika baada ya misa ya pili. Mwenyekiti alikuwa amemsimamisha shemeji yake.

"Mama, elimu yako?" akamuuliza Kunigunda mbele ya watu.

"Darasa la saba, mwenyekiti."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Ila la tatu nililisoma ndani ya darasa."

Wazazi wakaambiwa wapange mstari nyuma ya wanayemtaka. Mstari wa Kunigunda ulifika hadi kwenye makaburi ya mapadre. Nyuma ya shemeji alisimama mke wake, naye alikuwa akitazama upande wa pili.

Kikao cha kwanza, Kunigunda hakungoja hata sala iishe vizuri. "Nina hoja moja. Bata."

Mwenyekiti akainua kidole. "Taratibu, mama. Shule hii msimamizi wake ni nani?"

"Mtakatifu Yosefu."

"Paroko, katika Injili zote nne, Yosefu amesema nini?"

Padre Gotfrid alikuwa mtu mkweli, na mwenyekiti ndiye aliyemwekea nyumba yake bati jipya. "Hakuna neno lake lililoandikwa," akasema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi. Mjumbe wa bodi hii amfuate msimamizi wake. Atakayefungua mdomo, kiti hana. Katibu, andika."

"Na wewe mwenyekiti msimamizi wako nani?" akauliza Kunigunda.

"Mimi ni mwenyekiti."

"Haya. Tumfuate Yosefu katika kunyamaza tu, au katika kila jambo?"

"Katika kila jambo," akasema mwenyekiti, akifurahi kuona mama amekuwa mchamungu ghafla.

"Liandikwe na hilo."

Likaandikwa. Kunigunda akafunga mdomo.

Vikao viwili vikapita hivyo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye hoja. Wajumbe walitazama meza. Bata wakajibu kutoka chumba cha pili, wote kwa pamoja. Mwalimu Oswini aliandika: Hoja imeungwa mkono. Sokoni wakamtania Kunigunda. "Mama Tasilo, ulimi umeuweka rehani?" Akawapimia dagaa, kimya. Nyumbani Tasilo akakohoa.

Jumatatu moja kulipopambazuka, Kunigunda alimvika mwanawe sweta, akambeba mgongoni, akashuka kuelekea mtoni. Hakumwambia mtu. Wazazi wa darasa la tatu walipomwona wakawashika watoto wao mikono, vigoda kichwani, wakamfuata. Wakavuka mto. Wakaingia shule ya Waanglikana. Kufikia Jumatano watoto wote, hadi wa darasa la saba, walikuwa wamehama, na huku Mtakatifu Yosefu mwalimu wa zamu akaita mahudhurio: bata arobaini na mmoja, wote wapo.

Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura.

"Watoto wa Kikatoliki, kwa Waanglikana. Nani kawatuma?"

Wajumbe wote wakamtazama Kunigunda.

"Mama, nakuuliza wewe."

Kunigunda akaonyesha kidole kwenye daftari la katibu.

"Nakuruhusu kusema."

Akaonyesha tena. Mwalimu Oswini akaandika kwamba ameruhusiwa. Hapo mama akakohoa kidogo, kama mtu anayefungua duka lililofungwa siku nyingi.

"Hakuna aliyenituma. Nimemfuata msimamizi, katika kila jambo, kama ulivyoagiza. Yosefu alimchukua mtoto akaondoka kwenda Misri. Hakuaga wala hakuitisha kikao. Paroko, nimeongeza neno?"

"Hujaongeza," akasema Padre Gotfrid, akilitazama bati lake dirishani.

"Misri ndiyo kwa Waanglikana?" akauliza mwenyekiti.

"Walitupokea vizuri. Wana dari."

"Na mtarudi lini?"

"Yosefu alikaa huko muda mrefu, mwenyekiti. Mimi bata wakitoka tu inatosha."

Mwenyekiti akatazama madarasa matupu, akasikiliza bata, akatia sahihi: watoke leo. Wajumbe wakainuka. Yeye akabaki ameketi, akihesabu kitu kwa vidole, na uso ukaanza kumbadilika.

"Ngoja kwanza, mama. Mtoto ndio hao watoto. Yosefu ndiye wewe. Misri ni ng'ambo. Sasa mimi niliyekimbiwa, hapo ni nani?"

"Hapo, mwenyekiti," akasema Kunigunda, "Yosefu hakusema neno."

Mwenyekiti na Padre Gotfrid wamefariki. Mwalimu Oswini naye amefariki. Kunigunda yu hai.