Kitabu cha Tumbo

Wahenga waliposema mficha uchi hazai hawakuwa wakifanya utani. Anayeficha shida yake hujifungia mlango wa msaada kwa mkono wake mwenyewe. Asiyeamini na aende Nyamira, aulize nyumbani kwa Mzee Cleophas.

Mwaka wa 1994 Mokeira, mke wa mwanawe mzee huyo, alikuwa akijifunza ukutubi katika hospitali moja mjini Kisii. Mwalimu wake, Bi Persis, hakuwa mtu wa mchezo. Kupanga vitabu rafuni hata mtoto anaweza, alisema. Kazi ya mkutubi wa hospitali ni kuuliza. Daktari akitaka kitabu cha moyo, muulize mgonjwa wake ni nani na anaumwaje, maana watu huomba kimoja wakitafuta kingine. Mokeira alilishika somo hilo barabara, akawahoji madaktari bila kupepesa macho.

Kisha siku moja akaingia Mzee Cleophas mwenyewe, muuguzi msimamizi wa zahanati ya kijijini na mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Aliomba kitabu cha tumbo. Sasa, Wagusii wana chinsoni, ile heshima inayomweka mkazamwana mbali na baba mkwe: hawapeani mikono, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao. Mokeira akainamisha macho, akampa kitabu kwa mikono miwili, asiulize neno. Mzee akakipekuapekua, akakirudisha, akaenda zake.

"Umempa alichoomba," Bi Persis alisema. "Anachotafuta je?"

Mokeira alijitetea kwamba yule ni baba mkwe. Akajibiwa kwamba maradhi hayajui ukwe.

Wiki iliyofuata mzee alirudi, akataka kitabu kilekile. Safari hii alikaa upande kwenye benchi, jasho likimtoka, na kila mara alikwenda msalani akarudi amekunja uso zaidi. Bi Persis alimuuliza, naye akasema kwa upole kuwa kitabu ni cha mgonjwa wa zahanati. Mokeira aliingiwa na hofu. Akiuliza, atakuwa amemvua nguo baba mkwe, na ukoo mzima utamsema. Asipouliza, huenda wakamzika.

Mwishowe alikwenda rafuni, akampa mzee mgongo kabisa.

"Tata," alimwita baba kwa Kigusii akivitazama vitabu, "huyo mgonjwa anaumwa wapi hasa?"

Mzee naye aligeukia dirisha.

"Mgonjwa ni mimi, mwanangu. Tangu jana mkojo umekataa kutoka. Nilitaka nijitibu, vijana wa zahanati wasijue."

Mokeira hakutafuta kitabu, alimwita daktari. Mzee akawekwa mpira wa mkojo siku hiyohiyo, upasuaji wa tezi dume ukafuata, na daktari akasema wazi kwamba angekawia kidogo figo zingekwisha.

Nyumbani watu walinong'ona, wangekosaje? Maneno yao yalimchoma Mokeira hata akaacha kwenda kanisani. Aliyewanyamazisha ni mzee mwenyewe. Sabato moja alisimama mbele ya waumini, akataja ugonjwa wake kwa jina, akamtaja na aliyemuuliza.

"Niliona haya," alisema, "nikaomba kitabu cha tumbo. Wanaume wenzangu, semeni mapema."

Jumatatu iliyofuata, kabla zahanati haijafunguliwa, wazee kadhaa walikuwa wamesimama mlangoni, kila mmoja akitazama upande wake. Ama kweli, mficha uchi hazai.